Sura ya Sita: Mto Hauna Dalali

Kutoka Mtaa wa Msimbazi, katikati ya Kariakoo, hadi kwenye kingo za mto wenye jina hilohilo ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Katika mwendo huo mfupi bei ya ardhi huporomoka. Upande wa juu, mfanyabiashara anayetaka fremu hulipa kilemba kwanza ndipo aanze kuzungumzia kodi, na kilemba hicho peke yake kinaweza kutosha kujenga nyumba ya familia Chanika au Chamazi. Upande wa chini, kuelekea Jangwani, Kigogo na Mzimuni, nyumba nzima imekuwa ikiuzwa kwa karatasi ya mauziano iliyoandikwa mezani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mbele ya mashahidi, ikagongwa mhuri na kuishia hapo. Wengi huichukulia tofauti hiyo kuwa ni ya hadhi tu: huku pesa, kule wanyonge. Hoja ya sura hii ni kwamba bei zote mbili zinaficha jambo lilelile. Ile ya bondeni ni ndogo kwa sababu mnunuzi anakabidhiwa deni la maji ambalo halikuandikwa kwenye karatasi. Ile ya Kariakoo ni kubwa kwa sababu inahesabu kila kitu isipokuwa udongo ulio chini ya jengo na mtu ambaye angelala ndani yake. Anayetaka kuishi au kuweka fedha yake katikati ya Dar es Salaam hana budi kuzisoma bei hizo kwa pamoja, kwa maana Kariakoo na bonde lake ni eneo moja.

Umoja huo uko kwenye ardhi yenyewe. Kariakoo imekaa kwenye mwinuko mdogo wa mchanga wa pwani, kati ya mikono miwili ya maji: bonde la Msimbazi upande wa kaskazini na magharibi, na mkono wa bahari wa Gerezani upande wa kusini. Mvua inayonyesha juu ya mapaa ya Mtaa wa Kongo haina pa kwenda ila kushuka upande mmojawapo. Wajerumani waliopima mitaa ile kwa mistari iliyonyooka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walilijua hilo, na Waingereza waliouteka mji mwaka 1916 na kuweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, walilijua pia. Mji waliougawa kwa rangi za watu ulikuwa wa dhuluma: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi kwa makusudi ili uwatenge. Lakini hata katika dhuluma hiyo mitaa ya Waafrika ilipimwa mwinukoni, na bonde likaachwa kwa mikoko, mboga na malisho. Mipango miji iliyofuata baada ya Uhuru nayo ilihesabu bonde la Msimbazi kuwa ardhi hatarishi isiyofaa makazi. Kwa hiyo tunapoona nyumba Jangwani tusidhani kwamba wapimaji walipasahau. Palirukwa kwa makusudi, na watu walihamia pale baadaye, mji ulipowashinda kwa bei.

Mto wenyewe si mrefu. Unaanzia vilima vya Pugu, unateremka kama kilomita 35 kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unapita chini ya Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye daraja la Salender, karibu na lile jipya la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Ufupi huo ndio hatari yake. Mvua ikinyesha Pugu na Ubungo kwa wakati mmoja, maji hufika Jangwani baada ya saa chache tu, na yakikuta bahari imejaa hayana pa kutokea. Zamani misitu, mashamba na mchanga wa huko juu viliyanywa maji kabla hayajafika. Sasa mkoa una watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, karibu milioni moja zaidi ya sensa ya 2012, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imejenga pembezoni, yaani hukohuko mto unakotoka na vijito vyake vinakoanzia. Kila paa la bati, kila ua uliosakafiwa na kila barabara ya lami isiyo na mtaro wa maana huongeza maji yanayotelemka. Wachimba mchanga wamezilegeza kingo, udongo ukateremka na kujaza mkondo wa chini, takataka nazo zikaziba makalavati. Nyumba ya Jangwani iliyosalimika mwaka 1985 inaweza kuzama mwaka huu kwa mvua ileile. Mzee anayesema amekaa hapo miaka thelathini na maji hayakuwahi kuingia ndani anasema kweli, ila ushahidi wake ni wa mto mwingine, ule uliokuwapo kabla ya Kinyerezi kujengwa.

Kumbukumbu za karibuni zinathibitisha. Desemba 2011, mvua ambayo haikuwa imeonekana jijini tangu miaka ya 1950 iliua takriban watu 40 na kuzifanya familia nyingi kuishi kwenye mahema. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji, na baadhi yao wakaviuza au kuvipangisha na kurudi bondeni, kwa sababu Mabwepande hapakuwa na Kariakoo ya kwenda kubeba mzigo alfajiri na kurudi na hela ya chakula jioni. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani na magreda nyuma yake. Nyumba zilibomolewa kabla shauri halijafika Mahakama Kuu na ubomoaji kusimamishwa kwa muda kwa sehemu ya wakazi. Aprili 2018 mafuriko yakarudi, safari hii yakiingia hata kwenye karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa palepale Jangwani, mabasi yakaharibika na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Uwanja wa Kaunda wa klabu ya Yanga, jirani ya makao makuu yake, umegeuka bwawa mara nyingi kiasi kwamba mashabiki wameshazoea. Hakuna mnunuzi wa leo anayeweza kudai kwamba hakuonywa.

Pamoja na maji kuna sheria, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja ardhi hatarishi, ikiwamo ile iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizohizo 60. Leseni ya makazi, ile iliyoanza kugawiwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 2004 ili wakazi wa maeneo yasiyopimwa wapate angalau karatasi ya kuwatambulisha, kwa tafsiri ya sheria hutolewa kwenye ardhi isiyo hatarishi. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba ya kingoni hapati hatimiliki, leseni yake kama ipo inasimama kwenye msingi dhaifu, na benki haiwezi kuipokea kuwa dhamana. Karatasi ya mwenyekiti wa mtaa inashuhudia kwamba fedha imetoka mkono huu kwenda mkono ule. Haishuhudii kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Dalali analijua jambo hili, na kwa kawaida halisemi mpaka aulizwe.

Tupige hesabu ya mfano tu, kwa tarakimu zilizo rahisi kufuatilia. Mtu ananunua nyumba ya Kiswahili bondeni kwa shilingi milioni 15: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, choo na jiko uani. Anapangisha kila chumba kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata shilingi 2,880,000, karibu asilimia 19 ya fedha yake, na anajiona mjanja kuliko aliyenunua hatifungani za Serikali. Sasa toa miezi miwili ya masika ambayo wapangaji huhama au hudai kupunguziwa, shilingi 480,000. Toa na matengenezo ya kila mwaka: kuta zilizonyonya maji, milango iliyovimba, choo kilichofurika, tuseme shilingi 600,000. Kinabaki shilingi 1,800,000, yaani asilimia 12 kamili, wakati hatifungani za muda mrefu zimekuwa zikilipa kiasi hicho au zaidi bila mtu kuamka usiku kuhamisha magodoro. Na hapo bado hatujaweka siku ya greda. Hatifungani ikiiva mtaji unarudi wote. Nyumba ya kingoni ikibomolewa, aliyenunua anaweza kuambulia thamani ya matofali na mabati. Ile asilimia 19 ilikuwa ni mtaji wenyewe ukiliwa kidogo kidogo huku mwenyewe akidhani anakula faida.

Kuna pingamizi zito dhidi ya hesabu hii. Wanaoliamini bonde husema kwamba nimepiga picha ya jana. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikaongeza, jumla ikafika takriban dola milioni 260. Mpango uliotokana na mikutano ya wataalamu na wananchi mwaka 2018 unataka kupanua na kuchimba upya mkondo wa mto, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi, na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani kubwa ya jiji yenye sehemu zilizoinuliwa za kujengwa. Nani asiyejua, wanauliza, kwamba nyumba inayotazama bustani hupanda bei? Anunue leo, asubiri.

Mradi huo ni wa kweli na ni mzuri. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Lakini tazama umewafanyia nini wanaomiliki bondeni. Maelfu ya nyumba ziliingizwa kwenye orodha ya kupisha, fidia ikapigwa kwa kilichojengwa juu ya ardhi, na ardhi yenyewe, kwa kuwa kisheria ni hatarishi, haikulipwa kwa bei ya soko. Baada ya malalamiko, Serikali ilitangaza nyongeza ya mkupuo ya shilingi milioni 4 kwa kila mwenye nyumba. Aliyenunua kwa ndoto ya kutazama bustani alijikuta yuko ndani ya bustani. Ni kweli ardhi iliyo juu ya mstari wa mafuriko, pale Mzimuni, Magomeni, Ilala na Kariakoo penyewe, itapanda thamani bonde likitulia. Pingamizi hili, kwa hiyo, linathibitisha hoja badala ya kuivunja: fedha za umma zinazotumika chini zinamnufaisha aliye juu. Mstari huo hautambuliki kwa macho wakati wa kiangazi, wala kwa maneno ya jirani. Uko kwenye ramani za mradi na ofisi za ardhi, na anayenunua bila kuiona ramani amecheza kamari.

Pingamizi la pili ni la haki, nalo ndilo linalouma zaidi. Watu wa bonde hawakuingia usiku kama wezi. Walilipa kodi ya majengo, walivutiwa umeme na maji, walipiga kura kwenye mitaa inayotambuliwa, na Serikali yenyewe ilijenga karakana ya mabasi ndani ya bonde miaka ileile iliyokuwa ikiwaambia wao wahame. Ukisema ardhi hiyo haifai, je, husemi kwamba wanastahili kufukuzwa? Hapana. Haki ya mkazi na ushauri kwa mnunuzi ni mambo mawili. Mkazi wa miaka mingi ana madai juu ya taifa zima, kwa sababu taifa lilishiriki kumweka pale kwa kutompa mahali pengine, na fidia yake ingepaswa kupimwa kwa gharama ya kuanza upya ndani ya mji, siyo kwa bei ya bati lililochakaa. Mnunuzi mpya hana madai hayo. Tena kila anayenunua leo ili apangishe anazidisha idadi ya watoto watakaolala kwenye njia ya maji, na anaifanya kazi ya kuwahamisha kwa utu iwe ngumu na ya ghali zaidi. Huo ni uwekezaji wenye madhara, hata pale unapomlipa mwenyewe.

Wanaotetea makazi ya kingoni hupenda kutaja Indonesia, na mfano wao una nguvu. Mjini Yogyakarta, kwenye kingo za Mto Code, serikali ilitaka kuondoa kijiji cha maskini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Padri na msanifu majengo Y. B. Mangunwijaya akaishi na wakazi, wakajenga upya nyumba zao kwa mianzi na misingi ya mawe, wakapaka kuta rangi, na mwaka 1992 mradi ule ukapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Watu wakabaki katikati ya mji, karibu na kazi zao. Jakarta ilichukua njia nyingine: mwaka 2015 Kampung Pulo, kando ya Mto Ciliwung, ilibomolewa na familia nyingi zikahamishiwa kwenye majengo ya ghorofa ya kupanga, hukohuko Jatinegara. Mifano yote miwili ina la kutufunza, ila si lile linalodhaniwa. Kingo za Code ni mteremko mkali. Nyumba zake hupanda ngazi kwa ngazi na maji hupita chini yake. Msimbazi pale Jangwani ni uwanda mpana na tambarare, na maji yakija hayapandi ngazi, yanatandaa. Ufundi wa Mangunwijaya hauwezi kuletwa kama ulivyo. Kinachoweza kuletwa ni msimamo uliomo katika mifano yote miwili, hata ule wa Jakarta uliotekelezwa kwa mabavu: mtu akiondolewa mtoni asipelekwe nje ya mji. Mabwepande ilishindwa kwa sababu ilikosa jambo hilo moja.

Basi apelekwe wapi? Hapa lazima tupande tena Kariakoo, kwa maana jibu lilikuwapo pale na limekuwa likiondolewa ghorofa kwa ghorofa. Kwa miongo mingi Kariakoo ilikuwa mahali pa kulala kabla ya kuwa mahali pa kuuza. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na baraza mbele, iliwapokea wageni kutoka Rufiji, Kilwa, Morogoro na Tabora, chumba kimoja kwa familia moja, mwenye nyumba akiishi humohumo au jirani. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake walioishi kwa kodi za vyumba. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita alikuwa na pensheni ambayo hakuna shirika lililomwandalia. Nyumba hizo zimekwisha kwa kasi. Utaratibu wa kawaida ni ubia: familia inatoa kiwanja, mwenye fedha anajenga ghorofa, wanagawana sakafu au miaka ya kukusanya kodi. Shirika la Nyumba la Taifa nalo limeingia, likizindua sera mpya ya ubia mwaka 2022 ili viwanja vyake vya katikati ya mji vijengwe upya. Sioni kosa katika ubia wenyewe. Ardhi iliyo mwinukoni, iliyopimwa, yenye mitaa, maji na umeme, haipaswi kubeba nyumba ya chini tu. Kosa liko kwenye kinachowekwa ndani: chini fremu, juu yake fremu, juu zaidi stoo za mzigo, na vyumba vya kulala ama havimo kabisa, au vimo na vimegeuzwa stoo.

Tamaa ya fremu ndiyo iliyotufikisha chini ya ardhi. Fremu ya usawa wa barabara ndiyo yenye kodi kubwa kuliko zote, na inayofuata ni ile ya kushuka ngazi chache. Kwa hiyo mwenye jengo la zamani huona fedha imelala chini ya miguu yake na kuanza kuchimba. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa katika makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo liliporomoka asubuhi, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani, na baadhi wakanaswa kwenye maduka ya chini. Watu zaidi ya 20 walifariki. Mashuhuda walieleza kwamba kazi ya kuongeza nafasi chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Serikali iliunda tume kukagua majengo ya Kariakoo. Miaka 11 nyuma, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, mbele kidogo kuelekea Posta, liliua watu 36, na ilibainika kwamba lilipandishwa ghorofa nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Moja lilizidishwa juu, jingine liliguswa chini. Sababu ni moja, bei ya mita ya mraba imepanda kuliko uangalizi wa mita hiyo. Na mchanga wa pwani ulio kati ya mikono miwili ya maji hausamehe shimo lililochimbwa bila kuta za kuzuia, bila pampu na bila kumfikiria jirani ambaye msingi wake unategemea udongo uleule.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba Kariakoo imewahi kujengwa kwa akili ya maji. Soko kuu lililobuniwa na Beda Amuli, Mtanzania, na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lilifunikwa na mapaa ya zege yenye umbo la miavuli iliyogeuzwa juu chini: hewa inapita, kivuli kinapatikana, na mvua inakusanywa kupitia nguzo. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, na limekarabatiwa huku soko jipya likijengwa kando yake. Nusu karne baadaye, maghorofa yanayolizunguka yanamwaga mvua yao yote barabarani, iende Jangwani ikaingie kwenye nyumba ya mtu. Hii ndiyo sababu nasema Kariakoo na bonde ni eneo moja. Mwenye ghorofa anayekusanya kodi ya mamilioni kwa mwezi ana mchango katika mafuriko anayoyatazama kwenye taarifa ya habari.

Wenye majengo wana jibu lao, na ni jibu la kibiashara linalostahili kusikilizwa: nyumba ya kulala hailipi. Sakafu iliyogawanywa fremu kumi huingiza kodi ambayo hakuna familia ya mwalimu wala nesi wa Muhimbili inayoweza kuifikia. Leo ni kweli. Lakini mwekezaji wa jengo hununua miaka arobaini, hanunui leo peke yake, na kodi ya fremu imesimama juu ya mguu mmoja, biashara ya jumla. Wateja wake wakubwa hutoka Kongo, Zambia, Malawi, Comoro, wakitegemea mzigo wa China upite Dar es Salaam. Mguu huo umeshatikisika mara kadhaa mbele ya macho yetu. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa siku kadhaa katika mgomo dhidi ya utaratibu wa kodi, hadi Waziri Mkuu akaenda kuzungumza na wafanyabiashara viwanjani. Juni 2024 yakafungwa tena. Julai 2025 Serikali ikapiga marufuku raia wa kigeni kufanya aina kadhaa za biashara ndogo, baada ya malalamiko yaliyoanzia hapohapo Kariakoo. Kila badiliko la namna hiyo hugeuza kodi ya fremu kwa mwezi mmoja. Chumba cha kulala hakiijui mipaka ya Zambia. Mhitaji wake yupo kila mwezi, na anaongezeka: treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2024 kutoka stesheni iliyo umbali mdogo kutoka Gerezani, mabasi yaendayo haraka yanakutanisha njia zake hapohapo, na anayeishi Kariakoo huokoa nauli na saa mbili tatu za foleni ambazo mkazi wa Chanika huzitoa sadaka kila siku. Jengo lenye fremu chini na nyumba za kuishi juu lina mapato madogo kidogo mwaka wa kwanza, na mapato ya uhakika zaidi mwaka wa ishirini. Tena lina wakazi. Mtaa wenye watu usiku hupata mashahidi wa moto unaoanza, wa mtaro ulioziba, wa ukuta uliopasuka ufa. Kariakoo inayofungwa jioni na kuachiwa walinzi haina macho hayo.

Chombo cha kisheria kipo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki nyumba yake ndani ya ghorofa kwa hati yake mwenyewe, na inawalazimu wenye sehemu kuwa na chombo cha pamoja cha kutunza paa, ngazi na msingi. Kwa familia iliyotoa kiwanja kwenye ubia hii ni kinga kubwa kuliko mkataba wa kugawana kodi, kwa sababu mikataba mingi huanza kwa maelewano na kuishia mahakamani mzee aliyesaini akishafariki. Mjane wa nyumba ya vyumba sita, akipata hati za nyumba nne za ghorofani, amebaki na pensheni yake na warithi wake wanajua kila mmoja chake.

Na kwamba makazi ya watu wa kawaida yanawezekana mwinukoni, karibu kabisa na mto, si nadharia. Ng'ambo ya bonde, Magomeni Kota, familia 644 zilizoondolewa kwenye kota za zamani zilisubiri kwa miaka, wengine wakafa wakisubiri, mpaka majengo ya ghorofa yaliyoamriwa na Rais Magufuli mwaka 2016 yalipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Ucheleweshaji ule ulikuwa aibu, na masharti ya ununuzi yaliyofuata yamezua manung'uniko. Hata hivyo mahali pale panathibitisha jambo ambalo bonde zima linalihitaji: ekari chache za ardhi ya umma, juu ya mstari wa mafuriko, zinaweza kuwabakiza mamia ya familia ndani ya umbali wa kutembea kwa miguu hadi Kariakoo. Jiji lina viwanja vingine vya namna hiyo Ilala, Keko na Magomeni.

Kwa hiyo, msomaji unayeshika fedha ya kustaafu, ya mauzo ya shamba au ya miaka kumi Muscat, kabla hujampa dalali hela ya kuonyeshwa, nenda ofisi ya ardhi ya Jiji ukaione ramani ya bonde na uulize kiwanja kiko upande gani wa mstari. Nenda mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, ukasimame hapo. Kama ni ghorofani, dai kuona kibali cha ujenzi, idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, jina la mhandisi aliyesajiliwa, na hati ya sehemu yako peke yako. Jengo lenye shimo linaloendelea kuchimbwa chini yake liache, hata kodi ikiwa nusu. Nanyi mnaoliongoza Jiji la Dar es Salaam, linalokusanya ushuru na tozo za Kariakoo kila siku ya Mungu: sehemu ya fedha hiyo irudi kwenye mitaro inayotoka Kariakoo kwenda Jangwani, na kibali cha kila ghorofa jipya kidai tangi la maji ya mvua na sakafu za watu kuishi. Bonde lisiuzwe tena, na waliokwisha kuuziwa wapewe mahali pa kulala humu humu mjini.